Kengele za Julai ukutani kwangu Mafinga

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu nimetoka nje na kikombe cha chai, nyasi za njiani zimepigwa na sakitu zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, ukikanyaga zinalia kacha kacha chini ya buti, migomba ya jirani imeungua majani yananing'inia kama matambara, maboga ndo basi tena, na pale ukutani kuna kengele arobaini na tatu zimechanua. Nimezihesabu moja moja kwa kidole mpaka chai ikapoa.

Ni maua ya klematisi, mmea wa kupanda ukutani. Kuna watu wameniuliza sana tangu niweke picha kwenye status, wengine wanadhani ni pasheni, mmoja kasema ni ua la plastiki nimefunga na uzi, kwa hiyo nikaona niandike yote hapa kwa kirefu, jinsi nilivyoipata, ilivyonifia, na kitu ambacho nilikuja kukielewa baada ya miaka minne hivi ambacho nikikikumbuka bado moyo unanienda mbio, maana mmea wa kwanza niliuua mimi mwenyewe kwa mikono yangu nikidhani nautunza.

Kwanza niseme ua lenyewe likoje, maana kwenye simu halionekani vizuri. Linaning'inia kichwa chini, hilo ndo la kwanza, ukisimama mbali unaona tu vitu vya rangi ya maziwa mtindi vimejazana kwenye majani. Lazima usogee uinamishe shingo uangalie kwa chini. Ndani kuna madoa mekundu ya zabibu, mengine makubwa mengine kama ncha ya sindano, yamenyunyizwa bila mpangilio mpaka kwenye kingo, kama yai la ndege wa porini. Katikati kuna kifungu cha nyuzi za kijani kijani zenye vichwa vya njano. Na pale ambapo ua linaungana na kikonyo, juu yake kidogo, kuna kama kikombe cha kijani kimelivalia ua kofia, hicho kikombe ni majani mawili madogo yaliyoshikana, na kila ua linacho. Halafu zile sehemu nne unazoziona ukaita petali, kitaalamu sio petali, ni sepali, yaani lile ganda la nje ambalo kwenye waridi ni vijani vidogo vya chini, kwenye klematisi ndo limegeuka likawa ua. Nimeligusa leo likiwa na barafu pembeni, gumu kidogo kama karatasi ya nta, saa nne jua lilipolipiga likalegea likarudi kuwa laini kama halijaona usiku.

Aina yangu inaitwa Freckles, ndo hiyo yenye madoa. Jina la spishi yake kitaalamu ni Clematis cirrhosa, alilitoa Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya mimea, mwaka 1753, na hilo neno la pili maana yake ni mmea wenye nyuzi za kujisokota kama za pasheni, ila ukichunguza hauna hata moja. Unapanda kwa shingo ya jani. Yaani kile kikonyo cha jani lenyewe kikigusa kitu chembamba kinajipinda, kinazunguka mara moja, mara moja na nusu, kisha kinakaza na kuwa kigumu kama waya. Nimekaa na kigoda nikaangalia hili jambo siku tatu mfululizo kwenye kamba ya katani, asubuhi kikonyo kimenyooka, kesho yake kimepinda kama ndoano, keshokutwa kimeshafunga fundo.

Sasa ilikujaje Mafinga.

Baba mdogo alikuwa mtunza bustani kule kwenye chai, Mufindi, miaka zaidi ya ishirini, kwenye nyumba moja ya zamani ya wakubwa wa shamba, zile nyumba za mawe zenye bomba la moshi na veranda ndefu. Tulikuwa tunaenda likizo tukiwa wadogo. Pale kwenye nguzo ya veranda kulikuwa na hili ua na sisi watoto tuliliita ua la baridi kwa sababu lilikuwa linatoka tukifunga shule mwezi wa sita, wakati huo asubuhi huoni hata mti wa jirani kwa ukungu, unasikia tu wachuma chai wanaongea huko chini huwaoni. Sikujua jina. Baba mdogo naye hakujua jina, alilikuta, ila alijua kulitunza. Nilipopata kiwanja na kujenga Mafinga nikamwomba. Nilipanda gari nikaenda, nikafika nikamwamkia, shikamoo baba mdogo, akasema marahaba mwanangu, kamwene, umekuja kulichukua ua lako, kumbe alishalaza tawi udongoni litoe mizizi mwaka mzima kabla, alikuwa ananisubiri nimalize kujenga. Akanipa likiwa kwenye kopo la rangi la lita nne lililotobolewa chini, limefungwa na mgomba mkavu.

Nikalipanda mwezi wa kumi na moja mvua zilipoanza. Kila mtu huku anapanda mvua zikianza, mahindi, viazi, miche ya mipaini, na mimi nikapanda. Nikachagua sehemu ambayo gata inamwagia maji ili lisikose maji. Nikachimba shimo refu, nikajaza samadi ya ng'ombe, nikazamisha shina chini kama nilivyosoma sehemu kwenye simu kwamba klematisi zamisha shina sentimita kadhaa litatoa machipukizi mengi. Mvua ikanyesha. Nikafurahi. Januari majani yakaanza kuwa njano, nikasema njaa hiyo, nikaweka mbolea ya kukuzia, ile nyeupe, kijiko cha chakula kizima. Yakazidi kuwa njano. Mwisho wa Februari nikavuta shina kidogo tu kuangalia, likatoka lote mkononi kama unachomoa mshumaa kwenye keki. Mizizi ilikuwa myeusi, ganda linabaki vidoleni kama limechemshwa, na harufu ile ya maji ya chombo cha maua kilichosahaulika. Udongo wetu huu mwekundu ukishiba maji unakuwa kama bakuli, shimo langu lilikuwa bakuli ndani ya bakuli.

Nililia kwakweli. Sio kwa sababu ya ua peke yake, ni kwa sababu mzee alisubiri mwaka mzima lile tawi litoe mizizi na mimi nimelimaliza kwa miezi mitatu na nusu.

Nikakaa miezi kadhaa sijamwambia. Nikamwambia mwezi wa nane alipokuja mjini kwenye mambo ya pensheni, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja, maji yalikuwa yanasimama? Nikasema ndio. Akasema basi, lile halitaki kusimamishiwa maji wakati wa joto, nitakulazia lingine.

La pili nililipata mwaka uliofuata na hilo nikalipanda juu, kwenye tuta, nimechanganya mchanga na kokoto ndogo, shina likiwa usawa ule ule liliokuwa nao kwenye kopo. Hapa niseme kabisa, ule ushauri wa kuzamisha shina ni wa zile klematisi za maua makubwa zinazokatwa na kuchipua upya kutoka chini, hizi za kijani mwaka mzima ukizizamisha unazitafutia kuoza. La pili halikuoza. Lilivuka masika salama likiwa limenyong'onyea kidogo nikaliacha, sikuweka mbolea, nikasema limenishinda kwa kulipa vitu vingi ngoja nisilipe kitu. Aprili likaanza kuchangamka. Mei likatoa vifundo vya maua, vile vidogo kama njegere vimeinamia chini, nikavihesabu kumi na tisa, nikampigia baba mdogo simu usiku.

Halafu Juni ikaingia, mnajua Juni ya Mafinga, mvua imekata tangu Mei mwanzoni, upepo mkavu, anga la bluu halina hata wingu, vumbi la malori ya mbao, midomo inapasuka. Nikaliacha hivyo hivyo maana nilishajifunza kwamba maji yanaliua. Vifundo vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Nilikuwa naviokota asubuhi chini, vibichi kabisa, havijafunguka. Yakafunguka maua mawili tu mwaka ule, na madogo.

Sasa hapo ndo nikachoka kufuata maneno ya huku na huku, nikasema ngoja nijue huu mmea kwao ni wapi na kwao kukoje. Kwao ni pembezoni mwa Bahari ya Mediterania, Uhispania kusini, visiwa vya Majorca na Menorca, Ugiriki, Kupro, Algeria, Tunisia, huko unaota wenyewe kwenye vichaka na miamba ya chokaa. Na huko, hiki ndo kitu chenyewe sasa, mvua inanyesha wakati wa baridi. Joto lao ni kavu kabisa, miezi mitatu minne bila tone, na baridi yao ndo yenye mvua. Mmea umejipanga hivyo tangu enzi na enzi, joto likija unalala, unaacha baadhi ya majani yawe njano yadondoke, unasubiri, mvua ya kwanza ya kuingia baridi ikigonga mizizi unaamka unakua unatoa maua katikati ya baridi wakati miti mingine imelala.

Kwetu ni kinyume. Sisi joto na mvua vinakuja pamoja, Novemba mpaka Aprili, na baridi yetu ndo kiangazi. Kwa hiyo huu mmea ukija Nyanda za Juu Kusini unakuta baridi yake ipo, nzuri kabisa, ila mvua imehamishiwa msimu ambao unataka kulala. Nilikuwa naumwagia ukiwa usingizini na kuunyima ukiwa macho. Usiku ule niliposoma hilo nilikaa kitandani nikawasha taa tena, nikaona yote kwa pamoja, gata, samadi, ile mbolea nyeupe, vile vifundo vya kuokota asubuhi.

Ila kuna swali lilibaki. Kwa baba mdogo mbona lilistawi miaka yote na yeye hamwagilii? Mvua ya kule ni nyingi kuliko ya kwangu. Nikapanda tena gari Julai ile ile nikaenda kuangalia kwa macho ya kiutu uzima, na jibu lilikuwa limenizunguka tangu utoto. Ukungu. Kule kwenye ukingo wa bonde la Mufindi baridi haiji kavu, kunakuwa na ukungu mzito na manyunyu Juni, Julai, Agosti, chai yenyewe inapenda hapo kwa sababu hiyo. Nilisimama chini ya ile veranda saa mbili asubuhi matone yanadondoka kutoka kwenye majani ya ua tap tap tap kwenye shingo yangu, kila jani lina tone kwenye ncha, na udongo wa chini ni mweusi umelowa na mvua haijanyesha wiki tano. Halafu ile nguzo iko juu ya msingi wa mawe, ardhi inateremka, maji ya masika yanapita hayakai. Na baba mdogo alikuwa anamwaga majivu ya jikoni pale kila wiki, miaka na miaka, alisema alimkuta aliyemtangulia anafanya hivyo, na ukikumbuka kwao ni kwenye miamba ya chokaa wakati udongo wa chai ni mchachu unaelewa majivu yalikuwa yanafanya nini.

Kwa hiyo sasa hivi nafanya hivi, na naandika kwa mtu wa Mafinga, wa Iringa mjini, wa Mbeya, popote ambapo Juni ni kavu.

Ukuta ni wa upande wa kaskazini. Hili watu hawalifikirii. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Juni na Julai jua la mchana linaelemea kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini ndo unapata jua la kipupwe na unabaki na joto mpaka usiku. Desemba na Januari jua linahamia upande wa kusini kidogo, ukuta ule ule unakaa kwenye kivuli mchana, mmea unalala kwa amani. Yaani ukuta mmoja unakupa jua wakati wa maua na kivuli wakati wa usingizi bila wewe kufanya lolote. Na paa likiwa limetokeza vizuri mvua kubwa haipigi shina moja kwa moja, la kwangu nimelipanda sentimita arobaini kutoka ukutani, gata nimeihamisha.

Udongo ni tuta lililoinuka kama goti, nusu udongo wetu, robo mchanga wa mtoni, robo mboji iliyooza vizuri, chini kabisa vipande vya matofali. Juu natandaza maranda kutoka kwenye mashine za mbao, hapa Mafinga maranda ni mengi unajaza kiroba, ila yasiwe mabichi na yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja. Yanaweka mizizi kwenye ubaridi Oktoba ambapo jua linachoma kweli. Majivu konzi mbili mara moja kwa mwezi kuanzia Aprili.

Maji naanza mvua ikikata, lita kumi mara mbili kwa wiki kwa mmea mkubwa kama wangu, asubuhi jua likishatoka sio jioni, jioni maji yanalala na baridi kwenye shina. Siku za upepo mkavu naongeza. Vifundo vikianza kuonekana siruki hata zamu moja, nikisafiri namwachia mtoto wa jirani ndoo na kopo na nampigia simu kumkumbusha. Nikifika Septemba naanza kupunguza, Novemba naacha kabisa, mvua ikinyesha inanyesha. Majani yakiwa njano Desemba siyagusi. Baadhi yanadondoka, mengine yanabaki, unaonekana kama mgonjwa na sio mgonjwa, huu ndo wakati mgumu kuliko yote kwa mtu anayependa mimea kwa sababu mkono unawasha unataka kufanya kitu, mi huwa naenda kushughulika na viazi nisiuone.

Kupandia: mabanzi kama ya fensi yangu ni manene, shingo ya jani haiwezi kuyazunguka. Chochote kinachozidi unene wa kalamu ya risasi unahangaika nacho bure. Nimegonga misumari ukutani nikavuta waya mwembamba kwa kulala na kamba za katani kwa kusimama, viboksi vya kama sentimita ishirini, sasa umefika karibu mita tatu. Na nimeupitisha juu ya mlango wa uani makusudi, ili mtu akipita aangalie juu aone madoa, maana ua la kuinama ukilipanda chini ya kiuno chako umelinyima nusu ya uzuri wake.

Kukata ni kidogo sana, baada ya maua kwisha, mwisho wa Agosti au Septemba, unatoa yaliyokufa na yaliyochanganyikana, basi. Ukikata Aprili umekata maua. Na mi sikati yote kwa sababu maua yakizeeka yanageuka manyoya, laini, ya fedha, yamejikunja kama mvi za bibi, jua la jioni likiyapiga yanawaka.

Vaa glavu ukikata. Utomvu wake unawasha, mi nimepata mapele mkononi mara moja yakakaa siku nne. Ukoo wote wa klematisi uko hivyo, Ufaransa kuna mwenzake wa porini wanauita majani ya ombaomba kwa sababu zamani ombaomba walikuwa wanajipaka wapate vidonda watu wawaonee huruma. Mbuzi na watoto wadogo wasitafune.

Mtu wa Tukuyu na Rungwe, wewe hali yako ni nyingine, kwako mvua ni karibu mwaka mzima, usihangaike na ndoo Juni, hangaika na tuta, liinue zaidi na uweke kokoto zaidi na paa lifunike Januari. Makambako tatizo ni upepo, tafuta pembe ya nyumba. Makete na Njombe sakitu ni kali kuliko ya kwetu, mmea unavumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri ila mche wa mwaka wa kwanza ufunike na gunia usiku, asubuhi ulitoe.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisipande cha kwetu. Vipo, na navipenda. Klematisi za porini zipo kwenye milima yetu, kuna ile inayopanda miti pembezoni mwa msitu maua meupe madogo mengi kama povu, na kuna moja ya kwenye nyasi ambayo haipandi kabisa, inasimama kama kichaka kifupi, ua limeinama hivi hivi kama la kwangu, na wataalamu waliipa jina la uhehensis, yaani ya Uhehe, nchi ya Wahehe. Niliposoma hilo nilimwonyesha mama, akasema hata huko wanatujua. Ila za kwetu nyingi zinafuata mvua, kama Kitulo inavyofanya, watu wanaenda kuangalia maua ya Kitulo kuanzia Desemba mpaka Aprili kwa sababu ndo mvua ipo, ukienda Julai unakuta nyasi za kahawia na upepo. Kipupwe kwenye bustani zetu unabaki na shubiri, poinsettia, na kijani cha mipaini, na nyuki hawana kitu. Mchana saa saba jua likipasha ukuta wangu nyuki wanakuja, sio wengi, wanane, kumi, kila mmoja anaingia kengele kwa chini anapotelea ndani ua linatikisika, anatoka na mavumbi ya njano kichwani. Mwaka wa kwanza walikuja wawili.

Nimeandika yote haya leo kwa sababu ya jambo jingine pia. Ile nyumba ya mawe kule kwenye chai iliwekewa ukarabati mwaka juzi, veranda ikabomolewa ikajengwa ya tofali, na lile ua likang'olewa na nguzo yake. Baba mdogo alikuwa ameshastaafu, hakuna aliyemuuliza. Alienda kusalimia wenzake akakuta limetupwa kwenye lundo la kifusi, limekauka, shina nene kama mkono wake, akatafuta kijiti kibichi hata kimoja hakuna. Alinipigia simu akaongea mambo ya mahindi muda mrefu kabla hajaniambia. Mi nilikasirika mpaka leo nimekasirika, mmea wa miaka yote hiyo unahitaji mtu mmoja tu aulize hiki ni nini kabla hajaleta sururu.

Kwa hiyo hili la ukutani kwangu ndo limebaki. Wiki iliyopita alikuja, anatembelea fimbo sasa, nikamwekea kiti chini ya mlango wa uani. Hakusema kitu muda mrefu, akanyoosha fimbo akainua tawi moja akaangalia ndani ya ua, akasema madoa ni yale yale. Halafu akashika udongo wa kwenye tuta akaufinya, akaniambia punguza maji kidogo hii wiki kuna mawingu, na mimi nikapunguza.

Septemba iliyopita nililaza matawi manne, unachagua tawi la mwaka uliopita, unakwangua kidogo chini ya pale jani linapotokea, unalizika kwenye kopo lenye mchanga na mboji unaweka jiwe juu, unasubiri mwaka. Juzi nilivuta kidogo kidogo kwa kidole, matatu yameshikilia. Sitayakata mpaka maua yaishe. Lenye mizizi mingi kuliko yote ni la baba mdogo, ukuta wake unatazama kaskazini, nimeshapima, na waya nimeshanunua.